Mjue kondoo wako kabla ya kumchinja: mkia, manyoya na meno

 

Ndugu msomaji, kila inapokaribia sikukuu ya Idd el-Adh-ha, na kila nyumba inapojaaliwa mtoto na wazazi wakataka kumfanyia akika, huulizwa swali moja kubwa: kondoo ni bei gani? Ni swali la lazima, kwani fedha zina wenyewe. Lakini kabla ya swali hilo kuna lingine ambalo wengi wetu hatuliulizi, nalo ni hili: huyu ni kondoo wa aina gani?

Huenda ukaona kwamba aina ya kondoo ni habari ya wafugaji na mabwana mifugo. Sivyo. Kondoo wa aina yoyote anafaa kwa ibada, awe mwekundu au mweupe, mwenye pembe au kipara. Lakini masharti ya mnyama wa udhiya yanahusu umri wake, mkia wake, masikio yake na siha yake. Asiyejua kondoo wa aina fulani anavyokuwa katika maumbile yake, hawezi kujua kama mkia mfupi anaouona umeumbwa hivyo au umekatwa, wala kama mnyama aliyeletewa ni kondoo kweli. Matokeo yake ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na safari hii si msemo tu.

Wiki hii, inshaallah, tutazame namna ya kumtambua kondoo, makundi yake, na faida ya elimu hiyo kwa ibada yako na kwa afya ya familia yako.

KWANZA: NI KONDOO AU NI MBUZI?

Katika Suratul An'aam, aya ya 143, Mwenyezi Mungu anataja wanyama wanane kwa jozi, na akatenganisha jozi ya kondoo na jozi ya mbuzi. Hawa ni wanyama wawili mbalimbali. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, tofauti hiyo ina hukumu yake: kondoo anatosha kwa udhiya akitimiza mwaka mmoja, au akiwa ameshang'oka meno ya mbele kabla ya mwaka huo, lakini mbuzi sharti atimize miaka miwili. Kwa hiyo anayechinja mbuzi wa mwaka mmoja akidhani ni kondoo atakuwa amechinja mnyama ambaye umri wake haujatimia.

Utasema: nani asiyemjua kondoo? Tatizo ni kwamba picha ya kondoo tuliyoizoea vitabuni ni ya mnyama wa Ulaya aliyejaa sufu kama pamba. Kondoo wengi wa kwetu hawana sufu. Wana manyoya mafupi yaliyolala, sawasawa na mbuzi. Mtu wa mjini akionyeshwa kondoo mwekundu wa Kimasai na mbuzi mwekundu wamesimama pamoja, huweza kukosea kwa urahisi.

Tazama alama hizi. Mkia wa mbuzi ni mfupi na mara nyingi umesimama juu, mkia wa kondoo umening'inia chini. Mbuzi wengi wana ndevu kidevuni, na beberu ana harufu kali inayojulikana. Kondoo hana ndevu hizo. Mdomo wa juu wa kondoo una mfereji ulio wazi katikati, ule wa mbuzi hauna mfereji wa namna hiyo. Chini ya jicho la kondoo, kuelekea puani, kuna kishimo kidogo chenye tezi ambacho mbuzi hana. Ukiwa na shaka, anza na mkia, kisha mdomo, kisha kishimo cha chini ya jicho.

MAKUNDI MATATU KWA MKIA

Wataalamu wa mifugo huwagawa kondoo kwa njia nyingi. Wapo wanaoangalia kazi, yaani wa nyama, wa maziwa au wa sufu. Wapo wanaoangalia manyoya. Lakini kwa mnunuzi aliyesimama mnadani, mgawanyo mwepesi kuliko wote ni wa mkia, na makundi yake ni matatu.

Kundi la kwanza ni kondoo wa mkia mwembamba. Mkia wake ni kama kamba, hauna mafuta ya kutajika. Hawa wapo wengi Ulaya, na pia Afrika Magharibi na Sudan.

Kundi la pili ni kondoo wa mkia wa mafuta. Mafuta yamejaa ndani ya mkia wenyewe, ukawa mpana au mrefu na mzito. Kondoo hawa ni wa kale mno. Mwanahistoria wa Kiyunani Herodotus, aliyeishi karne ya tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), aliandika habari za kondoo wa Uarabuni wenye mikia mirefu kiasi kwamba wachungaji waliwatengenezea vigari vidogo vya kuibebea.

Kundi la tatu ni kondoo wa mafuta ya matakoni. Huyu mafuta yake yamejikusanya juu ya matako kama mto wa kukalia, na mkia wenyewe ni kijipande kifupi tu kinachotokeza.

Mafuta hayo yana kazi moja na nundu ya ngamia, nayo ni akiba. Wakati wa mvua mnyama hula, akashiba na kuweka akiba. Wakati wa kiangazi huitumia akiba hiyo. Ndiyo maana makundi haya mawili ya mwisho hupatikana katika nchi kavu, kuanzia Bara Arabu na Pembe ya Afrika mpaka nyika zetu. Na hapo pana faida kwa mnunuzi: kondoo wa aina hizi mwenye mkia au matako yaliyosinyaa huwa anakuambia kwamba ametoka kwenye njaa au ana maradhi.

KONDOO WA KIMASAI

Huyu ndiye mwenyeji wa kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mara nyingi rangi yake ni nyekundu ya kahawia mwili mzima, ingawa wapo wenye mabaka. Manyoya yake ni mafupi, hana sufu, na ana mkia wa mafuta. Katika maeneo ya kati ya Tanzania wapo ndugu zake wenye mikia mirefu ya mafuta na rangi mchanganyiko.

Umbo lake si kubwa, na kwa sababu hiyo wanunuzi wengi humdharau. Lakini amepewa na Mola wake jambo ambalo wakubwa wengi hawana: anastahimili minyoo. Kati ya mwaka 1991 na 1996 watafiti walifuga kondoo wa Kimasai pamoja na wa Dorper huko Diani, kusini mwa Mombasa, kwenye unyevu wa pwani unaopendwa sana na minyoo ya tumboni. Wana wa Dorper walikufa kwa wingi zaidi, na wa Kimasai walionekana kuwa na minyoo michache na upungufu mdogo wa damu. Watafiti wakaona kwamba, kwa mazingira ya pwani, kondoo huyu mdogo ndiye mwenye faida zaidi.

Unaponunua kondoo wa Kimasai, kagua masikio. Wafugaji wana desturi ya kuwatia alama mifugo wao kwa kukata masikio. Kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Shafii, sikio lililopasuliwa au kutobolewa bila ya sehemu yake kuondoka halidhuru. Sikio ambalo sehemu yake imekatwa ikaondoka, mnyama huyo hatoshi kwa udhiya. Jambo hili hupita machoni mwa wanunuzi wengi, kwa kuwa wanatazama unene tu.

KONDOO WA KISOMALI, MWENYE KICHWA CHEUSI

Huyu humkosei ukimwona. Mwili ni mweupe, kichwa na shingo ni vyeusi, na mpaka wa rangi hizo mbili uko wazi. Masikio yake ni mafupi, hana pembe, dume wala jike, na ni wa kundi la tatu, yaani mafuta yake yako matakoni. Manyoya yake ni mafupi na yamelala vizuri.

Asili yake ni nchi za Wasomali, zikiwemo kaskazini mashariki mwa Kenya na mashariki mwa Ethiopia. Kutoka bandari ya Berbera husafirishwa kwa wingi kwenda Saudi Arabia, hasa wakati wa Hijja, na ndugu zetu walioko Ghuba humsikia akiitwa Barbari kwa jina la bandari hiyo. Karibu na mwaka 1870 wachache wao walifika kwa meli Afrika Kusini, wakazalishwa huko na kupewa jina la kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi. Jina hilo limebaki mpaka leo katika vitabu vya mifugo, ingawa mnyama hakutoka Uajemi. Nawe chukua funzo hapo: jina la sokoni si ushahidi wa asili. Tazama mnyama mwenyewe.

DORPER

Huyu ni mgeni, ambaye wafugaji wengi humtamka "dopa". Alizalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Uingereza aitwaye Dorset Horn na yule yule mwenye kichwa cheusi wa Kisomali, na jina lake limetokana na silabi za mwanzo za majina ya wazazi hao. Wengi wao wana mwili mweupe na kichwa cheusi, na wapo pia walio weupe watupu.

Sasa unaona palipo na utata. Dorper na kondoo wa Kisomali wana rangi moja, na muuzaji anaweza kukuambia lolote. Ili kuwatofautisha, acha rangi na utazame mambo matatu. La kwanza ni umbo: Dorper ni mpana, ana minofu mingi mapajani na mgongoni. La pili ni manyoya: yake ni mchanganyiko wa manyoya na sufu fupi, ambayo hupukutika vipande vipande, hivyo huonekana kama aliyevaa blanketi lililochanika. La tatu ni matako: hana ule mto mkubwa wa mafuta.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na mpango wa kuwasambaza Dorper kwa bei nafuu nchini Kenya ili kuongeza nyama. Wafugaji wengi wakawapandisha kwa kondoo wao wa Kimasai bila mwongozo, na leo kondoo halisi wa Kimasai hawapatikani kwa urahisi kama zamani. Kwa hiyo wengi utakaowaona mnadani ni machotara: huyu ana mwili wa Dorper na rangi nyekundu, yule ana kichwa cheusi na mkia wa kati kwa kati. Chotara ni halali na anafaa. Ila uimara wake dhidi ya minyoo huwa unategemea amerithi zaidi upande gani.

Wapo pia kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, ambao huwekwa zaidi katika nyanda za juu zenye baridi. Ukimpata mmoja wao, fumbua sufu kwa vidole uone ngozi, kwani upele na kupe hujificha humo. Katika madhehebu ya Shafii upele, hata ukiwa mdogo, unamtoa mnyama katika udhiya.

MKIA MFUPI: UMEUMBWA AU UMEKATWA?

Hapa ndipo penye uzito wa maudhui yetu. Wafugaji wengi wa Dorper huwakata mikia wanakondoo wangali wadogo, mara nyingi kwa kufunga mpira mpaka mkia unyauke na kudondoka. Husema kwamba inasaidia usafi wa sehemu ya nyuma na kurahisisha kupandwa kwa majike. Kondoo wa Kisomali, kwa upande wake, huzaliwa na mkia mfupi.

Wanazuoni wa Kishafii wamepambanua baina ya hali hizo mbili. Kondoo aliyezaliwa bila ya mkia wa mafuta anatosha, kwa kuwa hayo ndiyo maumbile yake. Kondoo aliyekatwa mkia wake wa mafuta hatoshi. Wapo wanazuoni wa zama hizi walioruhusu kondoo wa kigeni waliokatwa mikia myembamba, kwa hoja kwamba mkia huo hauna mafuta wala thamani ya kuliwa. Suala hilo muulize shekhe wako kabla ya siku ya kununua, si baada ya kununua, ili kila mmoja afuate elimu aliyoiridhia.

Lakini shekhe hawezi kukujibu kama hujui ulichokiona. Basi shika mkia kwa mkono. Mkia wa asili wa kondoo wa Kisomali unaisha kwa kincha chembamba chenye manyoya, kimekaa juu ya mto wa mafuta. Mkia uliokatwa unaisha ghafla, ncha yake ni butu, na aghalabu utagusa kovu lisilo na manyoya na mfupa ulioishia hapo. Ni kazi ya dakika moja.

Ama pembe zisikutie wasiwasi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo dume wawili wenye pembe, rangi yao nyeupe iliyochanganyika na nyeusi. Kumtafuta mwenye pembe ni bora, lakini asiye nazo hana kasoro. Vilevile dume aliyehasiwa anafaa.

MENO HAYASEMI UONGO

Muuzaji atakuambia kondoo ana mwaka na nusu. Mwambie akufungulie mdomo. Kondoo na mbuzi hawana meno ya mbele taya la juu, huko kuna ufizi mgumu tu. Meno manane ya mbele yako taya la chini. Mwanakondoo ana meno manane ya utoto, madogo na membamba. Kati ya miezi 12 na 18 meno mawili ya katikati hung'oka, yakaota mawili makubwa na mapana. Akikaribia miaka miwili huwa na makubwa manne, baadaye sita, na afikapo miaka mitatu hadi minne hukamilisha manane.

Kwa kondoo, basi, kuwepo kwa meno mawili makubwa kunatosha kukutoa wasiwasi. Kwa mbuzi, mawili hayatoshi kuwa dalili ya miaka miwili, tafuta manne. Usidanganywe na ukubwa wa mwili. Mwana wa Dorper aliyelishwa vizuri huweza kumzidi uzito kondoo wa Kimasai aliyekwisha kuzaa, naye bado ana meno yote ya utoto.

AFYA: CHUNGULIA NDANI YA KOPE

Katika hadithi ya Al-Baraa bin Aazib (r.a.) wametajwa wanyama wanne wasiofaa: chongo aliye dhahiri, mgonjwa aliye dhahiri, kilema anayechechemea wazi, na aliyekonda mpaka hana uboho. Ukiitafakari utaona kuwa ibada na afya ya mlaji zimekwenda pamoja.

Uchovu wa safari unaweza kuficha ugonjwa, kwa hiyo usimwangalie kondoo akiwa amelala. Muamshe, atembee hatua ishirini uone miguu. Kisha shusha kope la chini la jicho. Ndani yake pakiwa pekundu au pa waridi, damu ipo. Pakiwa peupe kama karatasi, minyoo imemnyonya. Kipimo hiki cha rangi ya kope hutumiwa na wataalamu wa mifugo nchi nyingi. Tazama pia chini ya taya: uvimbe laini kama mfuko wa maji ni dalili ya minyoo iliyokithiri. Dorper na kondoo wa sufu kutoka sehemu zenye unyevu wachunguzwe zaidi kuliko wa Kimasai, lakini hakuna aina isiyougua.

Kuharisha, makamasi mazito, kukohoa, kuhema haraka akiwa kivulini, na kujitenga na wenzake ni dalili za kumwacha. Muulize pia muuzaji ni lini alipewa dawa mara ya mwisho. Dawa nyingi za minyoo na za sindano zina siku maalumu za kusubiri kabla nyama haijawa salama, na bwana mifugo atakuambia ni ngapi.

USIKIMBILIE KISU KWA MNYAMA ANAYEKUFA

Ipo desturi mbaya katika jamii zetu. Mnyama akianza kutapatapa, watu hukimbilia kisu "wamuwahi" kabla hajawa nyamafu. Ndugu zangu, kisu humhalalisha mnyama kisheria, hakiondoi vimelea vya maradhi mwilini mwake. Ugonjwa wa kimeta huua watu kwa njia hii. Mnyama aliyekufa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, asipasuliwe wala kuchunwa. Aitwe afisa mifugo.

Jambo la pili ni homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika kundi la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Huja baada ya mvua kubwa, mbu wanapozaliana. Dalili yake kubwa ni majike wengi kuharibu mimba kwa pamoja na wanakondoo kufa kwa wingi. Mwaka 2000 ulizuka Saudi Arabia na Yemen, na Saudi Arabia ikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika mpaka mwaka 2009. Mwishoni mwa mwaka 2006 ulianzia Garissa, ukaingia Tanzania mwaka 2007, na Kenya peke yake walifariki watu zaidi ya 100. Idd el-Adh-ha ya msimu ule iliangukia siku za mwisho za Desemba 2006, katikati ya mlipuko wenyewe.

Mtu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, na pia kwa kugusa damu, viungo vya ndani na mimba iliyotoka. Maana yake hatari kubwa ni kwa mchinjaji na mchunaji, kabla nyama haijafika jikoni. Serikali ikitangaza karantini, kutii ni sehemu ya dini. Usinunue kondoo wa njia za panya kwa sababu ni wa bei rahisi.

BAADA YA KUCHINJA

Mchinjie mahali safi, pawe na maji ya kutosha na shimo la damu. Mwenye kidonda mkononi avae glavu. Nyama isiburutwe ardhini, na matumbo yatenganishwe na nyama tangu mwanzo.

Kisha kagua ini na mapafu. Ukikuta vifuko vyenye maji meupe, vingine vidogo kama punje na vingine vikubwa kama limau, hayo ni malengelenge ya minyoo ya tegu ya mbwa. Wengi hukata kipande hicho na kumtupia mbwa, na hilo ndilo kosa lenyewe. Mbwa akila, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, yakafika kwenye majani ya kondoo, kwenye maji na mikononi mwa watoto. Kwa binadamu malengelenge hayo huota ndani ya ini au mapafu kwa miaka, na huweza kuhitaji upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umewatesa watu wengi. Choma moto au fukia kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Ama mkia wa mafuta, wazee wetu waliukaanga na kuyahifadhi mafuta yake. Katika Sunan Ibn Maajah imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliutaja mkia wa kondoo wa Kibedui kuwa tiba ya maumivu ya mshipa wa nyonga, unyweshwe kwa siku tatu. Zingatia kwamba hapo ametajwa kondoo wa namna maalumu, kiasi maalumu na siku maalumu. Si ruhusa ya kupikia pilau ya kila wiki. Mafuta hayo ni mazito, na mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au kisukari azungumze na daktari wake kwanza. Neema yake ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya kondoo huyu imekaa pamoja mkiani au matakoni. Likate fungu hilo liweke pembeni, ugawe kwa uangalifu, na mnofu uliobaki upikwe mpaka uive sawasawa.

Ndugu msomaji, hatukukuambia haya ili uwe mtaalamu wa mifugo. Tumekuambia ili siku utakapokwenda mnadani Pugu au Garissa, au kwa mfugaji jirani, uwe na mpangilio mkononi: kwanza hakikisha ni kondoo, kisha ujue ni wa mkia gani, kisha masikio, meno, miguu na kope. Nenda mapema, mchana kweupe, siku kadhaa kabla ya Idd, ukiwa na mtu mzima anayejua mifugo. Mnyama unayemtanguliza mbele ya Mola wako, na nyama utakayowalisha wanao, jirani na masikini, anastahiki dakika kumi za macho yako.

Mwenyezi Mungu atutakabalie ibada zetu na atulinde na maradhi. Wallaahu a'alam.

Tukutane toleo lijalo, inshaallah.